Yona Alijibu Nini

Kigango chetu cha Uru hakikuwa na kengele. Kilikuwa na rimu la lori lililofungwa kwa mnyororo kwenye tawi la mti wa mringaringa, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuligonga. Tulimwita Katekista. Alikuwa na jina kama watu wote, lakini hata mkewe alimwita Katekista, na siku nilipolisikia jina lake likiitwa hospitalini niligeuka kumtafuta mwenyewe, kumbe ni yeye nimeketi naye.

Padre alipanda kwetu mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu. Jumapili nyingine zote zilikuwa za Katekista. Alikuwa mrefu na mwembamba, koti lake la kijivu limelegea mifuko kwa sababu ya kubebea vitabu na maparachichi. Wakati wa masika alikuja na mabuti ya mpira, akayafuta tope mlangoni kwa jani la mgomba, akayavua, akaongoza ibada kwa soksi. Soksi ya kulia ilikuwa imetoboka kidoleni miaka yote niliyomfahamu. Mkewe akishona hii, hutoboka nyingine, naye huihamishia kulia. Alisema mguu ule una kiburi, unapenda kuonekana.

"Injili namwachia Padre," alikuwa akisema. "Mimi nipeni manabii."

Aliwazungumzia manabii kama watu wa mtaa wa pili. Amosi alikuwa mkulima mwenzetu, mtu wa mikuyu na mifugo, aliyeacha shamba lake akaenda kuwaambia wakubwa ukweli, ndiyo maana hakualikwa tena. Hosea alikuwa mtu wa kuhurumiwa, mkewe anaondoka naye anamfuata. Yeremia alikuwa mtu mwema, lakini usingependa kuketi naye kilabuni, angekulilia ndani ya kata ya mbege mpaka pombe iwe ya chumvi. Isaya alikuwa wa mjini, nguo safi, anajua kuongea na wafalme.

Lakini aliyempenda kuliko wote, na kumcheka kuliko wote, alikuwa Yona.

"Mnadhani Yona alikimbia kwa kuwaogopa watu wa Ninawi?" angeuliza, amesimama na soksi zake. "Hapana. Alikimbia kwa sababu alimjua Mungu. Alijua kabisa, huyu akiona machozi atasamehe. Sasa fikirini. Unatumwa kumtangazia jirani yako kwamba nyumba yake itaanguka. Unatangaza sokoni, unatangaza kilabuni. Kisha unaketi pale juu kwenye kilima, unasubiri. Nyumba haianguki! Aibu ni ya nani?"

Watu walicheka. Yeye naye alicheka, mikono kiunoni. Halafu alishusha sauti na kumalizia hadithi: Yona amekasirika, jua linampiga, kimti kilichompa kivuli kimekauka, na Mungu anamuuliza, je, nisiuonee huruma mji ule wote, wenye watu wengi kiasi hicho wasiojua mkono wao wa kulia na wa kushoto, na mifugo yao pia? Na hadithi inakatika hapo. Imeisha kwa swali.

"Haya," anasema Katekista. "Yona alijibu nini?"

Aliuliza kila mwaka, na kila mwaka hakuridhika. Mzee mmoja mwenye miwani akisema, "Alitubu, Katekista," yeye alimjibu, "Imeandikwa wapi, Meku, mzee wangu?" Mama mmoja akisema aliondoka zake, alimuuliza alikwenda wapi na nauli alipata kwa nani. Mimi niliwahi kusema, nikiwa bado binti wa shule, kwamba alinyamaza. "Umekaribia," akasema. "Lakini hapana."

Hukumu ilikuwa chakula chake. Ninakumbuka miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuja. Kabla ya hapo kahawa yetu yote ilikwenda chama cha msingi, tukalalamikia chama mpaka tukachoka. Sasa magari yakaanza kusimama njiani, vijana wenye miwani ya jua wakining'iniza mizani nyuma ya gari. Watu walifurahi kwa sababu walilipwa papo hapo. Katekista hakufurahi. Alisimama kando akitazama magunia yakipanda na kushuka.

Asubuhi moja kinamama walikuwa wametoka kupima watoto kliniki. Katekista alimwomba mmoja wao mtoto wake, mvulana mnene ajabu, akaenda naye moja kwa moja kwenye gari.

"Kijana, nisaidie kunipimia huyu."

"Mzee, sisi tunanunua kahawa, hatununui watoto."

"Simuuzi. Nataka kujua tu."

Watu wakaanza kukusanyika, kijana akaona haya kukataa. Wakamtia mtoto kwenye gunia tupu, kichwa nje, wakamning'iniza. Mizani ikasoma. Katekista akamgeukia mama wa mtoto, akapaza sauti kama ya kwenye mimbari: "Mama, umemfanya nini mtoto? Toka kliniki mpaka hapa amekonda hivi!"

Kicheko kilichotoka hapo kilishuka bondeni. Mtoto mwenyewe alikuwa anacheka. Gari liliondoka, na lililofuata lilikuja na mizani nyingine, na kijana wake alituamkia wote shikamoo kabla hajaulizwa.

Ukimwona siku kama ile ungesema huyu ni mtu wa kiboko. Lakini mtu yule yule hakuweza kuchinja kuku. Alimpelekea jirani kuku wake, akasimama nyuma ya nyumba mpaka kelele ziishe. Aliwakemea wanywaji wa gongo kwa maneno yaliyowafanya wake zao wajifiche uso, kisha mmoja wao akizidiwa jioni njiani, alimfungulia chumba cha mavazi ya Padre alale humo, na asubuhi akamletea uji. Aliwahi kutangaza kwamba hatamzika mtu fulani aliyekuwa akimpiga mama yake. Mtu yule alipokufa, tulimkuta Katekista wa kwanza makaburini, amevua koti, anachimba.

"Si ulisema humziki?" nilimuuliza.

"Nilisema sitamzika. Ninachimba tu."

Na alimzika.

Alikuwa na msemo mmoja ambao nimeubeba mpaka leo: nabii anayependa kukemea kuliko kulia, huyo hakutumwa, amejituma.

Kitu kimoja tu hatukukielewa. Katekista hakula wali wa Chekereni. Chekereni iko chini kule tambarare, kwenye mashamba ya mpunga ya umwagiliaji, na mchele wake ndio tuliokula Krismasi na Pasaka. Yeye akiwekewa aliisogeza sahani pembeni. "Una mawe," alisema, akaomba ndizi. Mchele uliochambuliwa, ukachambuliwa tena, kwake ulikuwa na mawe. Tukalifanya mzaha. Ukitaka kusema mtu ana kisingizio, ulisema, "Huyo wali wake una mawe."

Nyumbani kwetu alikuja Alhamisi, baada ya kuzungukia wagonjwa. Hilo lilianza baada ya baba na mama kufa, wakifuatana, kwa ugonjwa ule ambao watu walikuwa wakiuita kwa majina mengine. Mimi nilikuwa mkubwa. Chini yangu walikuwa wasichana wawili, na mwisho kabisa Aloyce, ambaye hata kutembea kulikuwa bado kunamshinda. Niliacha shule mwaka ule. Sisemi hivyo kwa kujisikitikia. Ng'ombe alikuwa anahitaji majani, wadogo walihitaji kuoga, na hakukuwa na mtu mwingine.

Siku tulipomzika mama, Katekista aliniita "Mama mwenye nyumba," mbele ya watu wote, na hakuniita tena kwa jina lingine. Ndani alikuta kiti cha baba kikiwa mahali pake karibu na moto. Ndugu wote waliokuja walikikalia. Yeye aliligeuza debe, akaketi juu yake.

"Katekista, kaa kwenye kiti," nilimwambia.

"Kiti kina mwenyewe." Akamwonyesha Aloyce kwa kidevu, aliyekuwa anatambaa sakafuni na ganda la ndizi mdomoni.

Nilielewa alichosema. Kwetu kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee, hubaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho. Msichana hukitunza tu. Kama Aloyce angekua akakikuta kihamba, sisi wanne tungekuwa na nyumba. Kama asingekikuta, tungegawanywa kwa shangazi na mama wakubwa kama sahani baada ya sherehe. Kazi yangu ya maisha ilikuwa kumfikisha Aloyce kwenye kiti kile.

Mipaka ya vihamba vyetu haina ukuta wala waya. Tunapanda masale, mimea ile ya majani marefu ya kijani isiyochoka kiangazi wala masika. Isale ndilo mpaka. Isale hilo hilo tunalipanda kaburini. Na isale hilo hilo, mtu aliyemkosea mwenzake hulichuma, akalifunga fundo, akalipeleka kwa aliyemkosea kuomba msamaha. Ukiletewa isale hukatai. Watoto wanalijua hilo kabla ya kujua sala.

Baba mdogo, ndugu wa baba yetu, kihamba chake kilipakana na chetu. Bei ya kahawa ilipoanguka, yeye kama wengi aliing'oa akataka kulima nyanya za kupeleka mjini. Lakini nyanya zinataka maji, na mfereji ulipita upande wetu. Masika yale mdogo wangu wa pili aliugua, nikakaa naye hospitalini wiki nyingi. Niliporudi, safu ya masale ilikuwa imehama. Ilisimama ya kijani, imenyooka, kana kwamba ilizaliwa pale. Mfereji ulikuwa kwake. Na makaburi ya baba na mama yalikuwa kwake.

"Mpaka ni ule ule, binti," baba mdogo aliniambia, hakunitazama. "Umeuguza, umechoka, macho yanakudanganya. Na makaburi ni ya ukoo, hayana upande."

Kikao cha ukoo kiliitwa. Wazee walikuja, wakaona masale yamesimama, wakatazamana. Wale waliojua vizuri mpaka wa zamani walikuwa wamekufa, na neno la msichana dhidi ya safu ya masale lilikuwa jepesi. Wakasema tusubiri. Katekista hakuwa wa ukoo wetu, hakuwa na sauti pale. Alikuwa na sauti Jumapili.

Jumapili ile alifungua kwa Hosea. Aliwaeleza watu kwamba nabii alipotafuta mfano wa uovu wa wakubwa wa nchi, hakuishia kwenye wizi wala uasherati. Aliwafananisha na watu wanaosogeza alama ya mpaka, na akasema hasira ya Mungu itawamwagikia kama maji. "Kama maji," Katekista alirudia. "Anayetafuta maji, atayapata."

Baba mdogo alisimama katikati ya kanisa. "Katekista, kama una mtu mtaje jina!"

"Hosea hakutaja jina."

"Wewe mtaje!"

"Kuna sababu gani?" alisema Katekista polepole. "Tumekaa wote hapa. Wewe ndiye umesimama."

Baba mdogo alitoka. Na Katekista, ambaye kwa kawaida baada ya neno kali alishusha sauti, siku ile hakushusha. Alisema mtu huyo hatakula cha ardhi ile. Alisema nyumba yake itakuwa mfano. Alisema mbele ya watu wote, na alirudia kilabuni, na sokoni.

Alhamisi aliniuliza yalipotupwa masale yaliyong'olewa. Nilimwambia hayakutupwa, ni yale yale yamehamishwa.

"Yaling'olewa au yalikatwa?"

Sikujua. Tulikwenda kutazama kwa mbali. Nyanya zilikuwa zimefika magotini.

"Mtu mwenye haraka hukata," alisema. "Anakata, anachomeka upande wa pili, shina linabaki chini. Mama mwenye nyumba, usiguse kitu hapo. Isaya alisema mti ukishakatwa shina lake bado lina uhai ndani. Isale nalo halifi kwa panga. Ngoja mvua."

Nilingoja. Mvua za vuli zilikuja nzuri. Lilikuwa kosa la mtu wa pwani au wa mjini, asiyejua masale. Baba mdogo aliyajua, lakini tamaa ilimsahaulisha. Katikati ya nyanya zake, moja baada ya lingine, masale yalichipua. Yalichipua yamepangana, kutoka mfereji mpaka mgomba wa chini, na makaburi yakabaki upande wetu. Watu walikuwa wanapita makusudi kutazama. Kikao kikapangwa Jumamosi.

Asubuhi ya Jumamosi, nikiwa ninakamua, baba mdogo alikuja peke yake. Kofia mkononi. Mkono mwingine ulishika jani la isale lililofungwa fundo.

Kwa desturi hakupaswa kuja hivyo. Alipaswa kumtuma mzee, na mzee ampelekee mzee mwenzake. Ningeweza kumwambia hayo, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini nilielewa vilevile alichofanya: alilileta kwangu, msichana mwenye ndoo ya maziwa, kwa sababu nyumba ile haikuwa na mkubwa mwingine. Alikuwa wa kwanza katika ukoo kukiri hivyo.

"Mwanangu," alisema, akalinyoosha lile jani.

Wadogo zangu walikuwa mlangoni wanatazama. Nilifikiri juu ya Aloyce. Siku moja atataka kuonyeshwa mipaka, na aliyekuwa anaijua vizuri kuliko wote alikuwa amesimama mbele yangu.

"Utang'oa nyanya," nilisema. "Utayarudisha masale mchana, watu wakiona. Na kila isale utakalorudisha, utamwonyesha Aloyce."

"Nitamwonyesha."

Nililipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Wazee walipofika walikuta tunakunywa maziwa.

Katekista alikuja mchana, amevaa koti la Jumapili. Nilipomweleza, alikuwa ameshika kikombe cha chai.

"Umepokea? Kabla hukumu haijatoka?"

"Ameleta isale, Katekista. Nifanyeje?"

"Nilikwisha kutangaza!" Sauti yake ilipanda. "Nchi nzima nimeiambia! Sasa anakunywa maziwa!"

Nilimheshimu kama baba yangu. Lakini nilikuwa nimelelewa kwa masomo yake, na neno lilinitoka. "Katekista, huyo anayeongea ni Yona."

Aliweka kikombe chini, chai ikiwa nusu. Akasimama. Debe likapinduka. Alitoka bila kuniaga, na kutoka siku ile alipita njia ya juu, ile ndefu, ili asipite mbele ya nyumba yetu.

Miaka ilikwenda. Baba mdogo alitimiza, kila isale. Alizeeka akiwa mtu wa kumshauri Aloyce juu ya migomba. Kanisani Katekista alinipa mkono wa amani kama alivyowapa wote, akaondoa. Alhamisi nilikuwa ninapika chai ya ziada, kisha tunaigawana. Katika miaka ile hakumfundisha Yona tena. Watu waliuliza, akasema wamemsikia vya kutosha.

Sikujuta kupokea lile jani. Lakini nilijiuliza kama nilimvunjia mtu kitu ambacho hakikuwa changu kuvunja, na swali hilo lilinisumbua kuliko kazi zote za shamba.

Halafu mkewe alikufa. Baadaye akastaafishwa, kijana kutoka chuo cha makatekista akalichukua rimu. Na Alhamisi moja, mvua ndogo ikinyesha, nilimwona akija kwa njia ya chini, fimbo mkononi. Alikuwa amepungua sana. Koti lilionekana kama la mtu mwingine.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, Mama mwenye nyumba. Debe lipo?"

Debe lilikuwa limeoza zamani. Aloyce, ambaye alikuwa kidato cha tatu na mrefu kuliko mlango, alikivuta kiti cha baba.

"Kaa hapa, mzee."

"Kiti kina mwenyewe."

"Ndiye mimi ninayekukaribisha," alisema Aloyce.

Katekista alikipangusa kwa kiganja. Akaketi. Alikunywa chai yote kwanza. Kisha akaniambia jambo ambalo wazee wa Uru walilijua na hawakutuambia watoto.

Alikuwa na mdogo wake. Mama yao alipougua, mdogo yule alikuwa Chekereni anatafuta shamba la mpunga, akaitwa, hakuja. Mama akafa, hakuja. Baadaye alituma mzee apande na isale. "Nililitazama," alisema Katekista. "Nikamwambia mzee, mrudishie. Mwambie majani ya mbuzi yapo hapa tele." Akageuza kikombe kitupu mkononi. "Nilikuwa kijana, nimeteuliwa ukatekista mwezi ule ule. Nilidhani ninatetea amri ya nne, ya kuwaheshimu wazazi. Hakupanda tena. Alifia hukohuko. Sikushuka kumzika."

Aloyce alisukuma kuni motoni.

"Siku ile ulipopokea jani la baba yako mdogo, nilikuchukia. Si kwa ajili ya yule mwizi. Nilisikia binti amefanya kwa mikono miwili kitu kilichonishinda mimi." Aligonga fimbo sakafuni. "Mdogo wangu aliacha mtoto wa kiume. Nataka kushuka. Nipe isale la kwako, la pale lilipochipua. Na unisindikize, maana peke yangu nitarudia njiani. Ninajijua."

Nilimkatia jani, na nilikata pia kipande cha shina cha kupanda. Asubuhi tukashuka.

Chekereni kuna joto la kukushika shingo. Maji yanasimama kwenye majaruba, yangeyange wanatembea katikati ya mpunga kama wenye shamba. Tulimuulizia, tukaonyeshwa kijana aliyekuwa kwenye tope mpaka magotini, shati amelifunga kichwani, anaziba tuta lililovuja. Katekista alisimama ukingoni.

"Shikamoo mzee," alisema kijana. "Mnatafuta mashine ya kukoboa? Iko kule."

"Marahaba. Mimi ni kaka wa baba yako."

Kijana alinyooka. "Yule Katekista?"

"Ndiye."

"Ah! Baba alikuwa akisikiliza ibada kwenye redio, anatuambia, huyo hajui kusoma, mngemsikia kaka yangu." Alicheka, akatutazama, akaacha kucheka kwa sababu Katekista alikuwa amefumba macho.

Kisha Katekista akalitoa jani kwenye koti. Fundo nilikuwa nimelifunga mwenyewe. Alilinyoosha mbele kwa mikono miwili.

Kijana alikuwa amezaliwa tambarare. Mama yake hakuwa Mchagga, baba yake alikufa mapema, na hakuna aliyewahi kumweleza. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshikilia jembe kwenye tuta ili maji yasipite. Akanyoosha wa kushoto, wenye tope, akalichukua.

"Asante, baba mkubwa. Hili la nini sasa? Dawa?"

Nilishtuka. Kwetu huko juu, mtu akilipokea isale kwa mkono wa kushoto ni tusi, na watu husimama. Nilitaka kumwambia. Katekista akanishika mkono.

"Mwache," alisema. "Hajui." Alitazama ule mkono wenye tope, na uso wake ukabadilika. "Hajui wa kulia wala wa kushoto." Na akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi tutani na suruali yake safi, machozi yakimshuka, na yule kijana akaniuliza kwa hofu, "Dada, mzee anaumwa?"

"Haumwi," nilisema.

Tulionyeshwa kaburi la baba yake nyuma ya nyumba, chini ya mpapai. Lile shina tulilichomeka hapo. Kijana alileta maji ya mfereji kwa ndoo, akauliza kama mmea wa mlimani utaweza joto hili. Katekista alimwambia isale halifi kwa urahisi.

Mke wa kijana alikuwa ameinjika. Alituwekea mkeka kivulini, akaleta wali kwenye sinia na maharage pembeni. Nilimwangalia Katekista kwa pembe ya jicho. Alinawa. Akamega tonge, akalitazama, akala. Akala jingine. Jino liligonga kitu, lilikuwa jiwe kweli. Alilitoa kwa kidole, akaliweka ukingoni mwa sinia, akaendelea.

Nilisubiri mpaka kijana alipoinuka kufuata maji.

"Katekista," nilisema. "Yona alijibu nini?"

Alimaliza kutafuna kwanza.

"Alishuka mjini," alisema, "akala kwao." Akalisogeza sinia kidogo kuelekea jikoni. "Akaomba aongezewe."